SINEMA NA WATU WAKE: Mwosha-sahani aliyekataa dola 750



Jumapili moja, baada ya sinema, tulipokuwa tukirudisha viti katika darasa, mwanafunzi mmoja alinijia akaniuliza: "Mwalimu, je, mtu huzaliwa mchezaji wa sinema, ama hufundishwa?" Sikumjibu siku ile, maana jibu refu halifai kusemwa kwa mtu aliyebeba kiti kichwani. Basi leo namjibu yeye, na pamoja naye wote wanaodhani ya kuwa watu wale tuwaonao kwenye kitambaa cheupe waliletwa duniani wakiwa wamekwisha kuvaa suti. Nitawasimulia miaka ya kwanza ya Sidney Poitier, Mmarekani mweusi aliyefariki tarehe 6 Januari 2022, akiwa na umri wa miaka 94. Habari za sifa zake za uzeeni zimeandikwa mahali pengi. Mimi nataka ile miaka ambayo hakuna aliyemjua.

Alizaliwa kabla ya wakati wake, tarehe 20 Februari 1927, katika mji wa Miami, kusini mwa Marekani. Wazazi wake, Reginald na Evelyn, hawakuwa wenyeji wa mji ule. Walikuwa wakulima wa nyanya wa kisiwa cha Cat, kimojawapo cha visiwa vya Bahama, vilivyotawaliwa na Waingereza siku zile. Walivuka bahari kwenda kuuza nyanya zao, na huko ugenini mama akashikwa na uchungu. Mtoto alikuwa mdogo mno, hata baba, ambaye alikwisha kuzika watoto wengine, akatoka akarudi na kisanduku cha viatu, awe tayari kwa maziko. Lakini mama hakukubali. Alitoka nyumbani akaenda kwa mwanamke mpiga ramli (nami silisifu jambo hilo, nalisimulia tu kama Poitier mwenyewe alivyolisimulia), na yule mwanamke akamwambia kwamba mtoto ataishi. Akaishi kweli. Na kwa kuwa alizaliwa katika nchi ya Marekani, akawa raia wa Marekani, ingawa alirudishwa kisiwani akingali mtoto mchanga.

Kisiwani hapakuwa na umeme wala maji ya bomba. Watoto walikua ufukweni, wakivua samaki na kupanda miti. Sidney alipokuwa na miaka kumi, biashara ya nyanya ikafa, jamaa yote ikahamia Nassau, mji mkuu wa visiwa vile. Huko ndiko alikoona motokaa kwa mara ya kwanza, na huko ndiko alikoona sinema. Ilikuwa filmu ya wachunga-ng'ombe wa Marekani: farasi, bastola, vumbi, na kundi kubwa la ng'ombe likipita mbio. Filmu ilipokwisha, mtoto alikimbia nyuma ya jumba akasimama kwenye mlango, akingoja ng'ombe watoke. Alingoja sana. Baadaye alimwambia dada yake kwamba akiwa mtu mzima atakwenda Hollywood, kwa kuwa aliamini kwamba Hollywood ni mahali pa kufuga ng'ombe. Ninyi mnaocheka, kumbukeni siku yenu ya kwanza mbele ya kitambaa kile.

Shule aliipata kidogo tu, mwaka mmoja na nusu kwa jumla. Baba yake, alipoona kwamba mwanawe anaanza kufuata vijana wabaya wa Nassau, alimpeleka Miami kwa kaka yake. Wakati huo Sidney alikuwa na miaka 15.

Sasa sikilizeni jambo lililompata huko. Alipewa kazi ya kupeleka vifurushi vya dukani kwa wateja. Siku moja alifika kwenye nyumba ya mwanamke mzungu, akabisha mlango wa mbele, kama vile mtu yeyote abishavyo. Yule mwanamke akamwambia azunguke aende mlango wa nyuma. Kijana hakufahamu. Kwao kisiwani, watu karibu wote walikuwa weusi, na mlango ni mlango. Akauliza, azunguke kwa nini, naye mwenye kifurushi amesimama hapa? Mlango ukafungwa kwa kishindo, naye akakiweka kifurushi kizingitini akaenda zake. Baada ya siku chache alirudi nyumbani akakuta taa zimezimwa, na jamaa zake wamelala chini sakafuni kwa hofu: watu wa Ku Klux Klan walikuwa wamekuja kumtafuta. Kijana akajua kwamba mji ule haumfai. Aliondoka, akafika New York akiwa na miaka 16 na fedha chache mfukoni, nazo hazikukaa.

Katika mji mkubwa kazi aliyoipata ilikuwa moja tu, kuosha sahani. Usiku alilala po pote, katika choo cha stesheni ya mabasi, au juu ya paa la nyumba wakati wa joto. Baridi ilipokuja, mtu huyu wa visiwa vya jua alidhani atakufa. Alisema uongo juu ya umri wake ili aandikwe jeshini, akatumwa kufanya kazi katika hospitali ya askari wenye ugonjwa wa akili, na mwisho wa mwaka 1944 alikuwa ametoka tena, yuko mbele ya sahani zile zile. Alimwandikia hata Rais Roosevelt barua, akimwomba amkopeshe dola 100 za kurudia kwao Bahama. Rais hakujibu. Nadhani Rais alikuwa na vita ya dunia mikononi, lakini natamani kujua kama barua ile ilifika mezani pake.

Kwa wazazi wake hakuandika neno. Alikaa miaka minane bila kuwapelekea barua. Sababu aliyoitoa mwenyewe ni hii: mwana aliyekwenda ugenini huweka fedha ndani ya barua, naye hakuwa na fedha ya kuweka. Sijui ni wangapi kati ya wasomaji wangu walio na ndugu mjini, aliyenyamaza kwa sababu hiyo hiyo. Wazazi hudhani amewasahau, kumbe aona haya.

Siku moja alikuwa akitafuta kazi katika gazeti la watu weusi la New York. Jicho lake lilizoea kwenda moja kwa moja mahali palipoandikwa kwamba waosha-sahani wanatakiwa. Safari hii, kando ya hapo, akaona maneno mengine: wachezaji wa michezo ya jukwaani wanatakiwa. Akafikiri: kama waosha-sahani wanatakiwa na wachezaji wanatakiwa, tofauti ni nini? Akaenda Harlem, mtaa wa watu weusi, mahali palipokuwa na chama kilichoitwa American Negro Theatre, kilichoanzishwa mwaka 1940. Alimkuta mtu mrefu mwenye sauti nene, Frederick O'Neal, mmoja wa waanzilishi. O'Neal akampa kitabu cha mchezo, akamwambia apande jukwaani asome.

Alisoma neno kwa neno, kama mtoto wa darasa la kwanza anayesukuma herufi kwa kidole. Na matamshi yake yalikuwa ya kisiwani, mazito, ambayo Wamarekani waliyasikia kwa shida. O'Neal hakungoja. Alipanda jukwaani, akamnyang'anya kitabu, akamshika ukosi na mkanda akamtoa nje. Alipokuwa akimsukuma mlangoni alimwambia aache kupotezea watu wakati, akatafute kazi awezayo, kama kuosha sahani.

Kijana alisimama njiani, neno lile likimchoma. Hakuwa amemwambia O'Neal kazi yake! Yule mtu alimtazama dakika chache tu, akaona ndani yake mwosha-sahani, wala hakuona kitu kingine. Poitier alisimulia kwamba hapo ndipo alipoamua kuwa mchezaji. Hakuwa na mapenzi na mchezo wa jukwaani, kwa kuwa alikuwa hajapata hata kuuona mmoja. Alitaka tu kumwonyesha O'Neal kwamba alikosea, kisha arudi kwenye sahani zake. Basi, mwanafunzi wangu uliyeniuliza, hapo hatuoni bado mtu aliyezaliwa mchezaji. Twaona mtu aliyeudhika.

Lakini kuudhika hakumfundishi mtu kusoma. Alinunua redio ndogo, na kila usiku baada ya kazi alikaa mbele yake akiwasikiliza watangazaji, hasa mmoja aliyeitwa Norman Brokenshire, akirudia kila neno kwa sauti kama alivyolisikia, mpaka kisiwa kikaanza kupungua ulimini. Hilo lilikuwa jambo la sikio. Jambo la jicho lilikuwa gumu zaidi.

Alikuwa akiosha sahani katika hoteli moja ya chakula mjini humo. Usiku, wageni walipokwisha kwenda, watumishi wa mezani waliketi pamoja kula, naye akaketi peke yake karibu na mlango wa jikoni, na gazeti mbele yake, akijitahidi. Mmoja wa watumishi wale alikuwa Myahudi mzee. Akamwendea akamwuliza habari gani zimo gazetini leo. Kijana akajibu kwa kweli kwamba hawezi kumwambia, maana hajui kusoma vizuri. Mzee akauliza kama anapenda wasome pamoja.

Kuanzia usiku ule, kazi ilipokwisha, mzee aliketi kando yake, juma kwa juma. Alimfundisha alama za kuandikia: mkato ni nini, na kwa nini msomaji apumzike hapo, na nukta ni nini. Alimfundisha kukata neno refu vipande vipande, kukitamka kila kipande, kisha kuviunganisha, na kutafuta maana ya neno katika maneno yaliyo kando yake. Mimi nimefundisha kusoma kwa miaka kadhaa, nami nawahakikishia kwamba hakuna njia nyingine ya ajabu zaidi ya hiyo. Lakini mimi nafundisha asubuhi, na nalipwa. Mzee yule alikuwa amesimama kwa miguu yake tangu jioni.

Miezi sita hivi baada ya kutupwa nje, Poitier alirudi Harlem. Hakujua kwamba mtu hutakiwa kuja na sehemu ya mchezo wa kuigiza, hivyo alisoma hadithi aliyoikuta katika jarida la visa vya mapenzi. Walimchukua kwa majaribio, na nadhani ilikuwa kwa sababu wanaume walikuwa wachache. Baada ya miezi mitatu wakamwambia kwamba hafai. Yeye akaona kwamba jumba lile halina mfagiaji, akawaambia: nitafagia, ninyi mtanifundisha. Wakakubali.

Palikuwa na kijana mwingine hapo, mzuri wa uso na wa sauti, ambaye ulimwengu wote ulikuja kumjua kwa nyimbo zake: Harry Belafonte. Katika mchezo mmoja Belafonte ndiye aliyepewa nafasi kubwa, na Poitier akawa mchezaji wa akiba, anayejifunza maneno yote bila kutumaini kuyasema. Usiku mmoja alikuja mgeni, mwongozaji wa michezo James Light, kuangalia maandalizi. Na usiku ule ule Belafonte hakuweza kuja, kwa sababu alikuwa na kazi ya kutoa takataka za nyumba aliyokuwa akiitunza. Poitier akapanda jukwaani. Belafonte alipokuwa mzee alipenda kumtania rafiki yake kwamba bahati yake yote ilitoka katika pipa la takataka.

James Light alimwalika Poitier katika mchezo wa kale wa Kiyunani, Lysistrata, uliochezwa Broadway mwaka 1946, mahali penye majumba makubwa ya michezo ya New York. Usiku wa kwanza, kabla ya kutoka, alichungulia kwenye pazia akaona watu zaidi ya elfu wameketi kimya. Maneno yakamtoka kichwani yote. Alipotoka, alisema mstari wa tatu mahali pa mstari wa kwanza, mwenzake akajaribu kumwokoa, yeye akaruka tena kwenye mstari mwingine. Watazamaji wakacheka mpaka wakashika mbavu. Alikimbia jukwaani akaenda zake, akijua kwamba amekwisha. Asubuhi magazeti yaliusema mchezo vibaya, yakamsifu yeye kwa kuchekesha! Mchezo ulifungwa baada ya kuchezwa mara nne tu, lakini jina lake likabaki katika kichwa cha watu wawili watatu, nao wakampatia nafasi katika mchezo mwingine uliozunguka miji ya Marekani.

Kwa njia hiyo alifikia sinema. Mwaka 1949, mwongozaji Joseph Mankiewicz alikuwa akitafuta mtu mweusi wa kuigiza daktari kijana katika filmu iitwayo No Way Out. Poitier alikuwa na miaka 22, akasema ana 27, akachukuliwa. (Nimekwisha kuwahesabieni uongo wake mara mbili juu ya umri. Siufichi, wala simwigi.) Filmu ilitoka mwaka 1950. Ndani yake daktari mweusi anawatibu ndugu wawili wazungu, wezi waliopigwa risasi. Mmoja anafia mikononi mwake, na yule aliyebaki anamchukia kwa chuki isiyosikia neno. Jambo hilo lilikuwa jipya. Mpaka hapo, mtu mweusi katika filmu za Hollywood alikuwa mtumishi anayetoa macho kwa woga, au mchekeshaji, au mpiga ngoma. Hapa alikuwa na vazi jeupe la daktari, anasema Kiingereza safi, na mchezo wote ulimzunguka yeye.

Watawala wa Bahama hawakuipenda. Walikataza filmu hiyo isionyeshwe visiwani, kijana wa visiwa hivyo mwenyewe akiwa ndani yake. Watu wa Nassau wakakasirika, wakaunda kamati ya raia, wakateta mpaka katazo likaondolewa. Ndipo wazazi wake wakaenda kuitazama. Mama yake alikuwa hajapata kuona sinema maisha yake yote. Ilipofika mahali ambapo yule mzungu mbaya anampiga daktari kwa bastola, mama alisimama katikati ya jumba akapiga kelele, akimwambia mwanawe asikubali, amrudishie. Wakamketisha kwa taabu.

Na Poitier mwenyewe, baada ya miaka minane, alirudi nyumbani, safari hii fedha ikiwa mfukoni.

Filmu yake ya pili ilimleta Afrika. Mwaka 1950 alikwenda Afrika ya Kusini pamoja na mchezaji mzee kuliko yeye, Canada Lee, kwa filmu iliyotokana na kitabu cha Alan Paton, Cry, the Beloved Country. Canada Lee aliigiza Kumalo, mzee padri wa Kianglikana anayetoka mashambani kumtafuta mwanawe aliyepotea Johannesburg. Poitier, kijana wa miaka 23, aliigiza Msimangu, padri anayempokea mjini. Huko sheria za apartheid zilikuwa zimeanza kukazwa tangu 1948. Hakukuwa na njia ya kawaida ya kuwaingiza Wamarekani weusi wawili kama wageni wenye heshima. Basi ili waruhusiwe kuingia, mwongozaji wao, Zoltan Korda, aliwaandikisha kama watumishi wake wa mkataba. Hebu fikirini: mchana wanavaa kola ya upadri mbele ya kamera, wanasema maneno mazito juu ya haki, na katika karatasi za serikali wao ni maboi wa bwana Korda. Hawakuruhusiwa kulala katika hoteli za mjini, wakapangiwa nyumba mbali, shambani. Poitier aliondoka huko na hasira, lakini pia na filmu ambayo hata sasa mtu aweza kuitazama bila kuona haya.

Baada ya hapo, msidhani kwamba mali ilimiminika. Miaka 1952, 1953, 1954 ilikuwa mikavu. Alioa mwaka 1950, watoto wakaanza kuja, na sinema ilimwita mara moja kwa mwaka au isimwite kabisa. Alifungua na mwenzake hoteli ndogo ya nyama ya kuchoma huko Harlem, nayo haikumtajirisha.

Katika siku hizo wakala mmoja aitwaye Martin Baum, ambaye kazi yake ilikuwa kuwatafutia wachezaji nafasi, alimpa kitabu cha filmu akisome. Malipo yalikuwa dola 750 kwa juma. Nafasi yenyewe ilikuwa ya mfagiaji wa nyumba ya kamari, anayeona uovu wa majambazi. Ili asiseme, majambazi wanamwua binti yake mdogo na kuutupa mwili mbele ya nyumba yake. Na yule baba, kama kitabu kilivyoandikwa, ananyamaza. Hafanyi kitu, wala hasemi kitu. Filmu inaendelea na habari za watu wengine.

Hakikuwa kitabu cha aibu. Hapakuwa na matusi ndani yake, wala dharau iliyoandikwa wazi. Poitier alikisoma, akamrudishia Baum, akasema hawezi. Baum akauliza ni kwa nini, yeye hakutoa sababu. Wakati huo mke wake alikuwa karibu kujifungua mtoto wa pili, na hospitali ilitaka dola 75. Alitoka katika ofisi ya Baum, akaenda kwa wakopeshaji, akaweka vyombo vya nyumba yake rehani, akapokea dola 75.

Hapa, wasomaji wapenzi, kalamu yangu inasimama. Mimi nina watoto. Najua jinsi mtu anavyosimama mbele ya dirisha la mhasibu wa hospitali. Kama rafiki yangu angalikuja kwangu kuomba shauri, nadhani ningalimwambia: chukua kazi hiyo, ni mchezo tu, mtoto anazaliwa. Na nisingalikuwa na haki ya kulaumiwa kwa shauri hilo. Lakini Poitier alifikiri habari ya Reginald, mkulima wa nyanya. Alisema baadaye kwamba alimjua baba yake: mtu maskini ambaye asingaliweza kamwe kunyamaza mtoto wake akiuawa. Kuvaa nguo za baba anayenyamaza, mbele ya macho ya maelfu, kungalikuwa kumsingizia baba yake. Alipokwenda kwa wakopeshaji alikuwa amekwisha kuamua ni deni gani aweza kulilipa, na lipi hawezi.

Miezi kadhaa ikapita. Baum, ambaye jambo hili halikumtoka moyoni, alimwita, akauliza tena. Safari hii Poitier akamweleza. Baum akasema kwamba mtu mwenye wazimu wa namna hiyo anataka kumsimamia yeye mwenyewe. Akawa wakala wake kwa miaka mingi sana.

Jaribu jingine likaja upesi. Mwaka 1955 ilitoka filmu Blackboard Jungle, habari ya mwalimu anayetupwa katika shule ya vijana wakorofi mjini New York. Poitier, mwenye miaka 27, aliigiza mwanafunzi! Ni Gregory Miller, kijana mwenye akili, anayemtesa mwalimu mwanzoni na kusimama upande wake mwishoni. (Kila mwalimu anayeitazama humtafuta Miller katika darasa lake siku inayofuata. Mimi nilimtafuta. Yuko dawati la nyuma, karibu na dirisha.) Siku hizo Marekani ilikuwa imeshikwa na hofu ya Wakomunisti, na wachezaji wengi walinyimwa kazi kwa sababu ya marafiki zao. Mwanasheria wa kampuni alimtaka Poitier atie sahihi karatasi ya kuwakana watu wawili, mwimbaji Paul Robeson na Canada Lee yule yule wa Afrika ya Kusini, ambaye alikwisha kufariki mwaka 1952. Alikataa kumkana aliye hai na aliyekufa. Mwongozaji, Richard Brooks, akaendelea na kazi kana kwamba karatasi haikuwapo.

Baada ya filmu hiyo milango ikafunguka, nami naweza kwenda haraka. Brooks alimchukua tena, wakaenda Kenya kwa Something of Value, iliyotoka 1957, habari ya Mkikuyu na mzungu waliolelewa pamoja wakatengwa na vita ya Mau Mau. Mwaka 1958 ilitoka The Defiant Ones, ambamo yeye na Tony Curtis ni wafungwa wawili waliotoroka, mweusi na mzungu, wamefungwa mnyororo mmoja. Kwa filmu hiyo akawa mwanamume mweusi wa kwanza kutajwa miongoni mwa wanaoshindania tuzo ya Oscar ya mchezaji mkuu. Aliipata tarehe 13 Aprili 1964, kwa Lilies of the Field, habari ya mfanya kazi apitaye njiani anayewajengea masista kikanisa jangwani. Masista wetu wengi waijua.

Si wote waliomsifu. Mwishoni mwa The Defiant Ones, mtu mweusi anaruka kutoka katika gari la moshi, anaacha uhuru wake ili asimwache mwenzake mzungu. Mwandishi James Baldwin alisimulia kwamba watazamaji wa Harlem walipiga kelele wakimwambia arudi garini. Weusi wengi walichoka kumwona kila mara mwema, mpole, asiye na kosa, kana kwamba mtu mweusi hana budi kuwa mtakatifu ndipo apewe kiti. Naona walikuwa na neno la kweli. Lakini naona pia kwamba waliomlaumu kwa nafasi alizozikubali hawakuwapo ofisini mwa Baum siku ya dola 750, wala hawakuziona nafasi alizozikataa, maana hizo hazionyeshwi kwenye kitambaa.

Imebaki habari ya mzee yule wa mezani. Poitier aliacha kazi katika hoteli ile akaenda kwenye michezo yake, na alipokuja kuwa mtu wa kujulikana, akataka kumrudia amshukuru, hakumpata tena. Mwaka 1992, huko Hollywood, wakuu wa sinema walimfanyia karamu kubwa kumheshimu kwa kazi ya maisha yake. Aliposimama kutoa shukrani mbele ya watu wote waliovaa vizuri, mmoja wa aliowashukuru alikuwa Myahudi mzee, mtumishi wa mezani wa New York, aliyekubali kuketi usiku na mwosha-sahani mweusi akamfundisha kusoma. Hakumtaja kwa jina.